Fundisha Sikio, Usilipime Tu
Mwongozo wa kuwasaidia wanafunzi wa Kisii na Nyamira kusikiliza Kiingereza na kukielewa

Ukifundisha Kiingereza Suneka, Ogembo, Keroka au Kebirigo, mwanafunzi huyu unamjua. Anasoma kifungu bila kukwama na insha yake inaeleweka, lakini mgeni akimwuliza swali la kawaida anageuka kuwatazama wenzake. Maneno ya swali hilo anayajua. Ungeyaandika ubaoni angeyaelewa yote. Shida iko kwenye sikio, na sikio hufunzwa kama mkono unavyofunzwa kuandika.

Vipindi vingi vya kusikiliza huwa hivi: mwalimu anasoma kifungu, anauliza maswali 5, anasahihisha, kengele inalia. Hapo mwanafunzi amepimwa, hajafunzwa. Aliyekosa hajui alikosea wapi, na wiki ijayo atakosea papo hapo. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kurudi mahali sikio lilipokwama na kulisaidia kupita. Mahitaji ni machache: simu moja, spika ndogo ya kuchaji, ubao, na dakika 30 mara 2 kwa wiki, pamoja na dakika chache za mazoezi mafupi siku nyingine. Mzazi na mtu mzima anayejifunza peke yake wana sehemu yao mbele.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO

Kwanza, masomo karibu yote hupitia sikioni. Sera ya elimu inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi Gredi ya 3. Kuanzia Gredi ya 4, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Asiyekisikia vizuri anapoteza Hisabati na Sayansi pia, hata kama kichwa chake ni chepesi.

Pili, mtihani hautakusaidia kuliona tatizo. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za mazungumzo. Lakini karatasi hiyo hujibiwa kwa kalamu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna sauti inayochezwa. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri kwa kukariri jozi za maneno yanayofanana matamshi, na bado asielewe taarifa ya habari.

Tatu, maisha baada ya shule hayampi mtu maandishi ya kufuatilia. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii hasubiri. Mnunuzi wa sanamu za mawe kule Tabaka anataja bei mara moja. Muuguzi anayetaka kazi Uingereza atafanya mtihani wenye sehemu nzima ya kusikiliza. Na anayewafuata jamaa zake Minnesota, ambako Abagusii wengi wamefanya makao, atapigiwa simu na watu asiowaona midomo.

SIKIO HUKWAMA WAPI

Ukijua chanzo, utajua dawa. Vyanzo vikubwa ni vitano.

1. Sauti zisizotofautishwa katika lugha ya kwanza. Kwa asili Ekegusii hakina p, f, v, z wala l. Ndiyo maana pesa zikawa chibesa, na neno la Kiingereza la shule likawa esukuru. Kiswahili kimemsaidia mtoto kuzipata sauti hizo, lakini mazungumzo yakishika kasi, sikio hurudi kwenye mazoea.

2. Irabu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza kina nyingi zaidi. Hapa Mgusii ana akiba ambayo walimu wengi hawaitumii: Ekegusii kina irabu 7, na hutofautisha irabu fupi na ndefu. Mwambie mwanafunzi wako kwamba sikio linalotenganisha urefu katika lugha ya mama linaweza kuanza kutenganisha "live" na "leave". Urefu si tofauti pekee iliyopo kati ya maneno hayo, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

3. Miisho ya maneno. Katika lugha zetu za Kibantu silabi huishia kwa irabu. Kiingereza hurundika konsonanti mwishoni, kama katika "asked" na "months". Sikio lisilozitarajia huziacha zipite, na pamoja nazo hupotea wakati wa kitendo na idadi.

4. Maneno madogo yaliyomezwa. "Of", "to", "at", "was" na "have" hutamkwa kwa pumzi ndogo sana katikati ya sentensi, tena huunganishwa na jirani zao. Mwanafunzi aliyezoea kuyasoma kila moja kwa uzito wake hayatambui.

5. Hofu. Akikosa neno moja, anasimama hapo akilitafuta, na sentensi tatu zinampita. Hili ni tatizo la mwenendo, nalo lina zoezi lake.

SANDUKU LA 1: JOZI ZA KUFUNZIA SIKIO

• p na b: "pin" na "bin", "pack" na "back"
• f na v: "fan" na "van"
• r na l: "rice" na "lice", "road" na "load"
• s na z: "price" na "prize"
• Irabu fupi na ndefu: "live" na "leave", "fill" na "feel"
• Maneno ambayo Wakenya wengi huyatamka yote kwa a: "hat", "hut", "heart", "hurt"
• Miisho: "work" na "worked", "cup" na "cups"
• Mkazo: "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty"
• Kukubali na kukana: "can" na "can't"

Jinsi ya kutumia: andika jozi moja ubaoni, neno la kwanza kama namba 1 na la pili kama namba 2. Wanafunzi wafumbe macho. Tamka neno moja. Kila mmoja aonyeshe kidole kimoja au viwili. Kwa kuwa wamefumba macho, hakuna wa kumwigiza jirani, nawe unaona papo hapo ni nani anayesikia na nani anayebahatisha. Jozi moja kwa wakati mmoja, dakika 5, yatosha.

Tahadhari: ikiwa ulimi wako mwenyewe hautenganishi jozi fulani, usiifundishe kwa sauti yako. Kamusi za mtandaoni za Cambridge na Oxford zina matamshi ya kubofya na kusikiliza. Rekodi maneno hayo kwenye simu ukiwa na bando, uyatumie darasani bila intaneti.

KABLA YA KIPINDI

Nyanda za juu za Gusii hupata mvua nyingi, na mara nyingi huja alasiri. Ikishaanza kupiga mabati, hakuna spika ndogo itakayoshindana nayo, na hata sauti yako mwenyewe haifiki dawati la nyuma. Mwombe anayepanga ratiba akupe vipindi vya asubuhi kwa ajili ya kusikiliza. Mvua ikikukuta, usilazimishe. Fanya kazi ya kuandika na uhamishe zoezi hadi kesho.

Orodha ya kukagua:

☐ Rekodi ina dakika 1 hadi 2, si zaidi.
☐ Umeisikiliza mwenyewe ukiwa umesimama nyuma ya darasa.
☐ Spika iko juu ya meza katikati ya chumba, si sakafuni. Usitumbukize simu ndani ya sufuria au ndoo. Sauti itavuma, lakini konsonanti zitafifia.
☐ Una maandishi kamili ya rekodi, ila wanafunzi hawajayaona.
☐ Ikiwa darasa lina wanafunzi 60, umeligawa makundi. Kundi moja lisikilize karibu na spika huku wengine wakisoma kimya, kisha wabadilishane.
☐ Milango inayotazama uwanja wa michezo imefungwa.

Rekodi utazipata wapi? Anza na walimu wenzako. Mwombe mmoja aliyekulia Kakamega, mwingine aliyekulia Machakos, wasome habari fupi kwa kasi yao ya kawaida. Wanafunzi wazoee sauti tofauti za Kenya kabla ya zile za ng'ambo. Kisha nenda kwenye masomo ya redio ya KICD, na vipindi vya BBC Learning English kama "6 Minute English", ambavyo hupatikana pamoja na maandishi yake. Chagua kipande tu, usicheze kipindi kizima. Pakua mara moja, weka kwenye memori kadi, mgawane shule nzima.

KIPINDI CHA DAKIKA 30, HATUA KWA HATUA

1. Waandae (dakika 3). Waambie mada na mahali pa mazungumzo: kwa mfano, watu wawili wanapanga kupeleka parachichi sokoni Daraja Mbili. Waulize wanatarajia kusikia maneno gani. Hakuna mtu anayesikiliza gizani katika maisha ya kawaida. Ukiingia hospitalini unajua utaulizwa nini.

2. Mara ya kwanza, maana tu (dakika 4). Cheza rekodi yote bila kusimamisha. Kalamu ziwe chini. Swali ni moja: wanazungumza kuhusu nini, na wanataka nini? Mruhusu mwanafunzi ajibu kwa Ekegusii au Kiswahili. Unachochunguza ni sikio, si ulimi, na mtoto anayeogopa kuadhibiwa kwa lugha ya mama atanyamaza hata kama ameelewa.

3. Mara ya pili, mambo mahususi (dakika 5). Toa maswali 3 kabla ya kucheza, si baada. Wajibu wawili wawili, na kila jozi iseme ilisikia neno gani lililowapa jibu.

4. Rudi walipokwama (dakika 10). Hiki ndicho kiini cha kipindi. Chagua sentensi moja ambayo wengi waliikosa. Icheze mara 3 au 4, kila mmoja aandike alichosikia, hata kama hakina maana. Kisha linganisheni na sentensi halisi ubaoni.

5. Tamkeni pamoja (dakika 4). Darasa lirudie sentensi hiyo kwa kasi yake halisi, likiunganisha maneno kama msemaji. Ulimi ukishaunda sauti, sikio huitambua upesi zaidi.

6. Mara ya mwisho, maandishi mkononi (dakika 4). Sasa wape maandishi, wafuate kwa macho wakisikiliza, wapigie mstari kila mahali sikio lilipowadanganya.

Mfano wa hatua ya 4

Sentensi ilikuwa: "They asked Moraa to leave the avocados at the gate." Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anaandika: "They ask Moraa to live avocado at gate."

Usitie alama ya kosa ukaendelea. Soma kosa lenyewe, kwa sababu linakueleza mengi. "Ask" badala ya "asked": mwisho umempotea, chanzo cha 3. "Live" badala ya "leave": irabu, chanzo cha 2. "Avocado" bila s: mwisho tena. "The" limepotea mara mbili: maneno yaliyomezwa, chanzo cha 4. Lakini "Moraa", "avocado" na "gate" ameyapata, yaani maneno yenye mkazo anayasikia. Mwanafunzi huyu hana haja ya kukariri msamiati zaidi. Anahitaji mazoezi ya miisho, na wiki ijayo jozi yako ya dakika 5 itakuwa "work" na "worked". Kosa la leo ndilo linalopanga somo la kesho.

MAZOEZI MAFUPI YA KUCHANGANYA

Imla ya nambari. Mtu mmoja awe muuzaji, mwingine mnunuzi. Muuzaji ataje bei: shilingi "fifteen", "fifty", "one thousand three hundred and thirty". Mnunuzi aandike, kisha walinganishe. Sikilizeni mkazo: katika "fifteen" ikitajwa peke yake, uzito huangukia mwishoni; katika "fifty" huangukia mwanzoni. Anayeuza sanamu kwa mgeni akikosea hapa anapoteza pesa taslimu.

Kuhesabu maneno. Sema "I have to go to the market" kwa kasi ya kawaida, uulize: yalikuwa maneno mangapi? Wengi watasema 4 au 5. Ni 7. Zoezi hili hulifunza sikio kutafuta maneno yaliyomezwa.

Kujenga upya. Soma kifungu cha sentensi 4 mara mbili. Wanafunzi waandike maneno makuu tu, kisha wakae vikundi vya watatu na kukijenga upya kifungu kizima. Mwalimu Ruth Wajnryb alilieleza zoezi hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1990, na linafaa sana darasa kubwa kwa sababu halihitaji chochote ila sauti yako.

Usisimame. Hili ni la hofu. Cheza rekodi, na katikati piga makofi mara moja ili kulifunika neno moja. Mwanafunzi aendelee kusikiliza, kisha akisie neno lililofunikwa kutokana na yaliyofuata. Atazoea kwamba neno likipotea, maana bado inaweza kupatikana mbele.

Jibu redio. Mapema miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ni KICD, ilishiriki katika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio darasa la 1 hadi la 3. Kila siku kulikuwa na somo la nusu saa, na mtangazaji aliacha nafasi fupi ili watoto wajibu kwa sauti, waimbe au watende alichoagiza. Watoto hao waliwapita wenzao waliofundishwa bila redio, hasa katika kusikiliza. Funzo lake unaweza kulitumia leo: simamisha rekodi kabla ya jibu, darasa lijibu, kisha msikie msemaji alijibu nini.

SANDUKU LA 2: MAKOSA YA KAWAIDA

• Kusoma neno moja moja, polepole. Ukitenganisha maneno, unaondoa kile kile wanafunzi wanachohitaji kukizoea. Sema kwa kasi ya kawaida, uvute pumzi kati ya vifungu.
• Kuwapa maandishi mwanzoni. Macho yakipata kazi, sikio hulala.
• Kuchagua rekodi ndefu. Dakika 2 zilizochambuliwa vizuri zinazidi dakika 20 zilizopita hivi hivi.
• Kuwasikilizisha sauti moja mwaka mzima. Watakuelewa wewe tu.
• Kumdhihaki anayesema "rice" akimaanisha "lice". Darasa likimcheka leo, kesho hatajibu.

SANDUKU LA 3: HUENDA NI UGONJWA

Mtoto anayegeuza sikio moja kila wakati, anayetazama midomo sana, anayetoka usaha masikioni au anayejibu jambo tofauti na aliloulizwa, hata kwa Ekegusii, huenda hasikii vizuri. Mkalishe mbele, zungumza na mzazi, apelekwe hospitalini. Shule inaweza pia kumwelekeza kwenye kituo cha tathmini cha EARC katika eneo lenu. Usimwite mvivu kabla masikio yake hayajapimwa.

KWAKO MZAZI

Hata kama Kiingereza chako ni kidogo, unaweza kumsaidia mwanao. Tumia redio hivi:

1. Jioni, sikilizeni habari kwa Ekegusii kupitia Egesa FM au Minto FM.
2. Zungumzeni: habari kubwa ya leo ni ipi? Imetokea wapi?
3. Kisha mfungulie habari za Kiingereza katika idhaa ya Kiingereza ya KBC.
4. Mwambie akueleze habari ipi ameitambua, na ni maneno gani yaliyomwonyesha.

Kwa kuwa tayari anajua kilichotokea, sikio lake linabaki na kazi moja tu, ya kutambua sauti. Nawe humsahihishi, unamsikiliza. Fanyeni hivi jioni 3 kwa wiki.

KWAKO UNAYEJIFUNZA PEKE YAKO

Ikiwa unajiandaa kwa mtihani wa IELTS, jua kwamba sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 katika vipande 4, huchukua takriban nusu saa, na kila kipande huchezwa mara moja tu. Watu wengi hufanya jaribio baada ya jaribio na alama hazisogei. Sababu ni ile ile: wanajipima bila kujifunza. Kwa kila jaribio moja unalofanya, tenga siku 2 za kuchambua:

1. Sahihisha, lakini usiangalie maandishi bado.
2. Rudia kila swali ulilokosa hadi usikie jibu kwa sikio lako.
3. Sasa soma maandishi. Kando ya kila kosa andika chanzo: sauti, irabu, mwisho, neno lililomezwa, au hofu.
4. Chanzo kilichojirudia zaidi ndicho cha kufanyia mazoezi wiki nzima.

Zoea pia kuandika majina yanayotajwa herufi kwa herufi, pamoja na namba za simu. Mtihani huo hupenda kuanza navyo.

RATIBA YA WIKI

Jumatatu: jozi ya dakika 5.
Jumanne asubuhi: kipindi kamili cha dakika 30.
Jumatano: imla ya nambari, dakika 5.
Alhamisi asubuhi: kipindi kamili, kwa sauti ya msemaji mwingine.
Ijumaa: zoezi la kujenga upya, dakika 15.
Jumamosi na Jumapili: redio nyumbani.

UTAJUAJE KWAMBA WANAENDELEA?

Mwanzoni mwa muhula, wachezee sentensi 5, kila moja mara mbili, waandike wanachosikia. Hesabu maneno sahihi ya kila mwanafunzi, kisha uyaweke makaratasi hayo kabatini. Mwishoni mwa muhula, cheza sentensi nyingine 5 zenye urefu na ugumu huo huo, uhesabu tena. Mrudishie kila mmoja karatasi zake mbili azilinganishe mwenyewe. Tafuta miisho iliyorudi na maneno madogo yaliyoanza kuonekana. Hayo huja kabla ya alama kupanda. Ambaye karatasi zake mbili zinafanana, kaa naye dakika 10, mchambue sentensi moja kama ile ya Moraa, na umpangie jozi zake mwenyewe za muhula unaofuata.